Bondi Haina Bei: Saa 48 za Kwanza Mikononi mwa Polisi, Nakivale na Mbarara

Ukitaka kujua watu wa Nakivale, makazi ya wakimbizi kusini-magharibi mwa Uganda, wanawaonaje polisi, usianze kwa kuuliza habari za bunduki. Uliza bei ya bondi. Utatajiwa mara moja, na kila kesi ina bei yake: ya waliopigana kilabuni, ya aliyeshtakiwa kwa deni, ya kijana aliyekutwa usiku barabarani bila karatasi. Watu huzitaja bei hizo kama wanavyotaja bei ya mahindi, bila mshangao wowote. Hilo ndilo linalonisikitisha, kwa sababu bondi ya polisi nchini Uganda haina bei. Ni bure. Jeshi la Polisi lenyewe limelitangaza jambo hilo miaka mingi, na vituo vingi vimebandika tangazo hilo ukutani.

Mkanganyiko, kwa maoni yangu, una chanzo kinachoeleweka. Kuna dhamana mbili, na zinafanana machoni pa mtu ambaye ndugu yake yuko kasho, kama Wakongomani wanavyoita mahabusu. Ya kwanza ni bondi ya polisi: kituo kinamwachia mshukiwa kabla hajafikishwa mahakamani, naye anaahidi kwa maandishi kurudi siku atakayopangiwa, wadhamini wakitia sahihi. Hakuna shilingi inayotolewa. Ya pili ni dhamana ya mahakama, ambayo hutolewa na hakimu baada ya mashtaka kusomwa. Hakimu anaweza kuagiza fedha taslimu ziwekwe. Zinalipwa benki, risiti inatolewa, na kesi ikiisha, mshtakiwa aliyetimiza masharti anaweza kudai arudishiwe. Sasa mama aliyesikia kwamba jirani yake "alilipa Isingiro", kule makao ya wilaya, mwanawe akatoka, hawezi kujua kama pesa zile zilikwenda mahakamani au ziliishia mezani kwa askari. Siku mwanawe akikamatwa, yeye mwenyewe ndiye anayeuliza: "Afande, ni ngapi?" Askari mwaminifu atamjibu kwamba hakuna malipo. Asiye mwaminifu hana haja hata ya kudai.

Kanuni ya kujikinga ni fupi: pesa halali ya serikali hupitia benki kwa namba ya malipo na huacha karatasi nyuma yake. Pesa inayotoka mkononi mwako ikaingia mkononi mwa askari si ya serikali.

Baada ya bondi kuna mafuta. Mtu ameibiwa mbuzi au simu, anafika kituoni, anaambiwa pikipiki ya kituo imekauka, basi aiwezeshe safari ya kumfuata mwizi. Aliyepigwa anahitaji PF3, ile fomu ya polisi ambayo daktari anajaza kuthibitisha majeraha. Nayo ni bure, lakini malalamiko ya kutozwa hela kwa ajili yake hayaishi. Mlalamikaji analipa ili mshukiwa akamatwe, mshukiwa analipa ili atoke, na kesho yake wanakutana sokoni. Aliyeibiwa anaamini polisi wamemuuza. Aliyekamatwa anaamini adui yake alimnunulia kifungo. Polisi wamepoteza watu wawili kwa kesi moja.

Sisemi haya ili kumdhalilisha askari wa kawaida. Nakivale ina wakimbizi zaidi ya 180,000, wengi wao kutoka Kongo, wengine kutoka Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia na Eritrea, wametawanyika katika makumi ya vijiji vya kanda za Base Camp, Rubondo na Juru. Askari ni wachache, njia ni mbovu wakati wa mvua, na mafuta kweli hayatoshi. Lakini upungufu wa bajeti ya serikali hauwezi kuwa deni la mkimbizi ambaye mgao wake wa chakula ulipunguzwa mwaka 2023. Na ugonjwa huu ni wa taifa zima. Mwaka 1999 iliundwa tume chini ya Jaji Julia Sebutinde, ambaye sasa ni jaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko The Hague, kuchunguza rushwa ndani ya polisi. Zaidi ya miaka 20 baadaye, kura za maoni za Afrobarometer bado zinawaonyesha Waganda wakiitaja polisi kuwa taasisi yenye rushwa kuliko nyingine.

Nguvu ya askari mbaya iko katika saa 48. Ibara ya 23 ya Katiba ya mwaka 1995 inasema aliyekamatwa kwa kushukiwa kosa lazima afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo, na kwa vyovyote isizidi saa 48. Katiba haikutoa punguzo la Jumamosi na Jumapili. Hata hivyo mtu anayekamatwa Ijumaa jioni anajua, na askari anajua, kwamba hakimu hatapatikana mpaka Jumatatu. Kwa Nakivale kuna umbali pia: kwa miaka mingi mahakama ya karibu ilikuwa Isingiro, mwendo wa makumi ya kilomita, mpaka mwaka 2013 ulipoanza mpango wa mahakama tembezi, hakimu akija kusikiliza kesi ndani ya makazi yenyewe. Mpango ule ulionyesha kwamba jambo hili linawezekana. Lakini mahakama inayokuja kwa vipindi haiwezi kuzuia biashara ya Ijumaa. Familia inayoona mtu wao atalala siku tatu juu ya sakafu italipa, hata ikijua sheria yote kwa moyo.

Vijana wa kiume ndio wanaoumizwa zaidi na biashara hii. Kwa muda mrefu walikamatwa kwa kosa la uzururaji, yaani kuonekana mahali na saa ambayo askari aliiona si ya kawaida. Desemba 2022 Mahakama ya Katiba ilifuta vifungu vya sheria ya jinai vilivyoruhusu mtu kukamatwa kwa sababu tu anadhaniwa mwizi, hana kipato kinachoonekana, au anazurura kwa namna inayotia shaka. Mawakili wanaijua hukumu ile. Mtaani haijafika. Ningependa isomwe kwa Kiswahili katika kila mkutano wa kijiji.

Halafu linakuja suala la sare. Mtu wa kijijini anaona sare nyingi na hajui ipi ina mamlaka gani juu yake. Makenke, pembeni mwa jiji la Mbarara, ni makao makuu ya Divisheni ya Pili ya jeshi la UPDF. Katika mazungumzo ya watu wa huku, jina hilo linabeba hofu ambayo jina la kituo cha polisi halina. Kituoni unaweza kufuatwa na wakili, na jina lako huandikwa katika daftari. Kambini raia hajui hata abishe mlango upi. Katiba hapa iko wazi: ibara ile ile ya 23 inataka aliyekamatwa awekwe mahali palipoidhinishwa na sheria, ndugu zake waarifiwe akiomba, na wapate kumwona, wao na wakili wake. Mwanajeshi anaweza kuwasaidia polisi katika doria. Kumkamata raia na kumweka kambini ni jambo jingine kabisa.

Mpaka huo kati ya polisi na jeshi umefifia tangu juu. Kuanzia mwaka 2001 polisi waliongozwa na majenerali wa jeshi, kwanza Katumba Wamala, kisha Kale Kayihura kuanzia 2005 hadi 2018. Tarehe 31 Januari 2025 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Michael Kabaziguruka, iliamua kwamba kuwashtaki raia katika mahakama za kijeshi kunakiuka Katiba. Wengi tulipumua. Haikupita nusu mwaka, Bunge likapitisha marekebisho ya sheria ya UPDF yanayoruhusu raia kushtakiwa huko katika mazingira fulani, na Rais akayatia sahihi. Mtu wa Mbarara anayeogopa Makenke hana upungufu wa elimu ya uraia. Ameyafuatilia mambo hayo vizuri.

Kwa wakimbizi hofu ina historia yake. Nakivale ilianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kupokea Watutsi waliokimbia Rwanda. Julai 2010, katika makazi haya haya na ya Kyaka, Wanyarwanda wapatao 1,700 walizungukwa na askari wenye silaha, wakapakiwa kwenye malori na kurudishwa Rwanda. Wengi waliitika mwito wakidhani wanakwenda kupewa chakula au majibu ya maombi yao ya hifadhi. Watu wawili walikufa baada ya kuruka kutoka kwenye malori. UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, ililaani kitendo kile hadharani. Miaka mitatu baadaye, Oktoba 2013, Luteni Joel Mutabazi, aliyewahi kuwa mlinzi wa Rais wa Rwanda na aliyekuwa akipewa ulinzi kama mkimbizi, alikamatwa Kampala na kukabidhiwa kwa nchi aliyoikimbia. Uganda ilikiri kwamba ilikuwa kosa na kumsimamisha kazi afisa wa polisi. Anayeshangaa kwa nini Mnyarwanda wa Nakivale hafiki kituoni hata anapoibiwa akumbuke malori yale. Kuitwa mkutanoni na mtu mwenye sare si jambo dogo kwake.

Lugha nayo inafanya kazi yake kimyakimya. Waganda wa kusini wenye umri mkubwa walikisikia Kiswahili kwa mara ya kwanza vinywani mwa askari, na panda gari, ile misako ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 ambapo watu walisombwa kwenye malori, bado inatajwa kwa jina lake la Kiswahili. Kwa Mkongomani wa Kivu hii ni lugha ya sokoni na kanisani. Kwa hiyo angalau kituoni angeweza kueleweka, maana askari wengi wamefunzwa kwa Kiswahili, na marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili. Lakini maelezo yanaandikwa kwa Kiingereza. Mtu anasimulia kwa Kiswahili, askari anaandika kwa Kiingereza, kisha mtu anatia kidole gumba kwenye karatasi asiyoweza kuisoma. Msomali au Mwethiopia hana hata hiyo nusu ya njia. Mkalimani wake ni yeyote aliyepita karibu, pengine ndugu wa anayemshtaki. Katiba inataka mtu aelezwe sababu ya kukamatwa kwake katika lugha anayoielewa. Usitie sahihi mpaka usomewe, na ukisomewa kitu ambacho hukukisema, kataa kwa upole na uombe kirekebishwe.

Watu waliochoka na kituo hutafuta njia nyingine. Kamati za ustawi wa wakimbizi, RWC, hupatanisha madeni, mipaka ya mashamba na ugomvi wa ndoa, na mara nyingi hufanya vizuri kuliko mahakama. Kwa wenyeji wapo LC, yaani mabaraza ya mitaa, na mahakama zao ndogo chini ya sheria ya mwaka 2006. Wala RWC wala LC hawana ruhusa ya kumfunga mtu, na ubakaji au kunajisi mtoto si kesi ya kumalizwa barazani kwa mbuzi wawili, hata wazee wakibembeleza vipi. Njia nyingine ni ile mbaya kuliko zote: kundi, mawe, tairi. Ripoti za kila mwaka za polisi zinahesabu mamia ya watu wanaouawa hivyo nchini. Watu wanaofanya hivyo wanasema jambo moja: tukimpeleka, jioni atakuwa amerudi. Kila bondi iliyouzwa inawapa ushahidi.

Malalamiko yana pa kwenda. Polisi wana Kitengo cha Viwango vya Kitaaluma tangu mwaka 2007. Tume ya Haki za Binadamu ina ofisi Mbarara, na Refugee Law Project ya Chuo Kikuu cha Makerere huwasaidia wakimbizi bila malipo. Sheria ya utekelezaji wa haki za binadamu ya mwaka 2019 inamfanya afisa awajibike yeye binafsi, hata kulipa sehemu ya fidia. Lakini hakuna ofisi inayoweza kufuatilia neno "walinitoza" peke yake. Unaporipoti jambo kituoni, dai namba ya SD, yaani namba ya shauri lako katika daftari la kituo. Kesi ya jinai ikifunguliwa, dai pia namba ya CRB, daftari la kesi za jinai. Andika saa uliyofika, na namba iliyo kifuani mwa askari. Askari akikataa kukupa namba ya SD, shauri lako halijaandikwa popote.

Wananchi peke yao hawawezi kubeba mzigo wote huu. Katiba imeipa Tume ya Haki za Binadamu mamlaka ya kukagua mahali popote pa kuzuilia watu. Kutoka Mbarara hadi Base Camp kwa gari ni safari ya asubuhi moja. Ukaguzi wa Jumatano unakuta kasho limefagiliwa. Maafisa wa Tume waje Jumapili jioni, wafungue daftari, walinganishe saa ya kukamatwa na saa ya ukutani, kisha wamuulize kila aliye ndani, kwa lugha yake, ameambiwa bondi ni kiasi gani.