Mlinganyo wa mstari wa pembe mraba kupitia nukta

Mlinganyo wa mstari wa pembe mraba kupitia nukta ni mlinganyo wa mstari mnyoofu unaopita kwenye nukta fulani na kuukata mstari mwingine kwa pembe ya nyuzi 90. Ni sehemu ya jiometri ya majiranukta, inayofundishwa katika shule za sekondari. Misingi yake iliwekwa na Mfaransa René Descartes katika kitabu alichochapisha mwaka 1637.

Kanuni

Mstari y = mx + c una mteremko m: kila x ikiongezeka kwa 1, y hubadilika kwa m. Hatua hiyo (1, m) ikizungushwa nyuzi 90 inakuwa (−m, 1), yenye mteremko −1/m. Kwa hiyo miteremko ya mistari miwili inayokutana kwa pembe mraba ikizidishwa hutoa −1. Kwa sehemu, kiasi na asili hubadilishana nafasi, kisha alama hugeuzwa: 2/3 huwa −3/2.

Kanuni hii haitumiki kwa mstari mlalo na mstari wima, kwa kuwa mstari wima hauna mteremko. Mstari wa pembe mraba kwa y = 4, ukipita (7, 1), ni x = 7.

Mfano

Tuchukue ramani ya kubuni ya kijiji katika kata kama Machochwe, Wilaya ya Serengeti, mkoani Mara. Kipimo kimoja ni mita 100. Bomba kuu la maji linafuata mstari y = 2x + 1, na shule iko kwenye nukta (6, 3). Bomba fupi kuliko yote la kufikisha maji shuleni ni lile linalokutana na bomba kuu kwa pembe mraba.

1. Mteremko wa bomba kuu ni 2, hivyo mteremko unaotafutwa ni −1/2.
2. Tumia nukta ya shule: y − 3 = −1/2(x − 6).
3. Rahisisha: y = −x/2 + 6.
4. Tafuta makutano: 2x + 1 = −x/2 + 6, hivyo x = 2 na y = 5.

Kutoka (6, 3) hadi (2, 5) ni √(4² + 2²) = √20, yaani takriban vipimo 4.47, au mita 447. Bomba likienda moja kwa moja upande wa magharibi litafika bomba kuu kwenye (1, 3), baada ya mita 500. Tofauti ni mita 53 za bomba na za mtaro wa kuchimba.

Makosa ya kawaida

Wanafunzi wengi hugeuza alama tu (−2) au hupindua namba tu (1/2). Kuhakiki, zidisha miteremko miwili: jibu liwe −1. Kisha weka nukta kwenye mlinganyo: −6/2 + 6 = 3, sawa na y ya shule.

Matumizi

Njia hiyohiyo hupima umbali kutoka mahali hadi mpaka mnyoofu. Mpaka wa Tanzania na Kenya upande wa Tarime ni sehemu ya mstari unaotoka Ziwa Viktoria kuelekea kusini-mashariki, wenye chimbuko katika makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1886. Kwenye ramani ya eneo dogo, umbali mfupi kabisa kutoka kijiji hadi mpaka huo hupimwa kwa mstari wa pembe mraba.