Kusoma Rula kwa Sehemu

Mtu mzima huisoma rula bila kufikiri, na pengine ndiyo sababu ugumu unaompata mtoto anapopima kitu kisichoishia kwenye namba nzima hauonekani kwa urahisi. Nchini Marekani, ambako inchi ingali kipimo cha kila siku, ugumu huo haukwepeki: viwango vya hisabati vilivyotolewa mwaka 2010 na kufuatwa na majimbo mengi vinamtaka mwanafunzi wa darasa la tatu apime hadi nusu na robo inchi, kisha thumuni, yaani sehemu moja kati ya nane zilizo sawa, ifuate darasa la nne.

Katika mtihani mmoja wa kitaifa wa nchi hiyo, kijiti cha kuchokolea meno kilichorwa juu ya rula, ncha moja ikiwa kwenye 8 na nyingine kwenye 10½. Wako waliojibu 10½, kwa kuwa waliisoma namba ya ncha ya kulia, na wako waliojibu 3½, kwa kuwa walihesabu mistari ya 8, 9 na 10 kisha wakaongeza nusu. Jibu ni 2½. Kosa la pili ndilo linalofundisha zaidi, maana mtoto huyo anajua kuhesabu, ila anahesabu kisichohusika: urefu umo katika nafasi zilizo baina ya mistari, na mistari yenyewe ni mipaka tu.

Kosa hilohilo hujirudia ndani ya inchi moja. Baina ya 2 na 3, kwenye rula iliyogawanywa kwa thumuni, mna mistari midogo 7, ilhali nafasi ni 8. Na hiyo 8 ndiyo asili, namba ya chini ya sehemu, inayoonyesha kizima kimegawanywa mara ngapi, wakati kiasi, namba ya juu, huonyesha ni nafasi ngapi zimechukuliwa.

Dawa nzuri ni ukanda wa karatasi. Ukikunjwa mara moja hutoa nusu mbili, mara ya pili robo nne, mara ya tatu thumuni nane zenye mikunjo 7, na mtoto akichora mstari mrefu kwenye mkunjo wa kwanza, wa wastani kwenye ile ya pili na mfupi kwenye ya tatu, atakuwa ameitengeneza rula ya inchi kwa mkono wake. Hapo huona pia kwamba thumuni ni ndogo kuliko robo ingawa 8 ni kubwa kuliko 4, jambo ambalo maelezo ya ubaoni hulifikisha kwa shida.

Sentimita hugawanywa kwa kumi, hivyo 3 na 7/10 huandikwa 3.7 bila taabu, lakini robo yake, milimita 2.5, haina mstari. Shule za Afrika Mashariki hufundisha kipimo hiki, na ukingo wa inchi ulio kwenye rula nyingi hupuuzwa. Si haki, kwa kuwa mbao huuzwa mbili kwa nne, na gereji nyingi zina spana za inchi. Mwanagenzi akiagizwa spana inayozidi kidogo ile ya 3/8, atachukua ya 7/16 bila kubahatisha iwapo anajua kwamba 3/8 ni 6/16.