Leza Yafichua Kinachotokea Mwilini Mionzi Inapopita

Na Mwandishi Wetu

Mwananchi wa Turiani, wilayani Mvomero mkoani Morogoro, anapopigwa picha ya eksirei ya kifua au mguu, hahisi chochote mionzi inapopita mwilini. Hata hivyo, mionzi hiyo ina uwezo wa kung'oa elektroni kutoka katika molekuli. Kitendo hicho huitwa uayonishaji, na ndicho sababu ya tahadhari zinazochukuliwa katika chumba cha eksirei.

Kwa kuwa takriban asilimia 60 ya mwili wa mtu mzima ni maji, molekuli za maji ndizo hupigwa zaidi. Wanasayansi walijua madhara ya pigo hilo kwa miaka mingi, lakini hatua zake za mwanzo zilikuwa za haraka mno kuonekana, kwani hupimwa kwa femtosekunde. Femtosekunde zilizomo katika sekunde moja ni nyingi kama sekunde zilizomo katika miaka takriban milioni 32.

Njia ya kuziona hatua hizo ilifunguliwa na mipigo mifupi mno ya leza. Mpigo wa kwanza huanzisha tukio, wa pili hulipima, na muda kati yake hubadilishwa kidogo kidogo hadi tukio zima lijulikane. Kwa kufuatilia kemia kwa njia hiyo, Ahmed Zewail, mzaliwa wa Misri, alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1999.

Mwaka 2020, watafiti waliotumia mtambo wa SLAC ulioko California, Marekani, walichapisha matokeo kuhusu maji. Mpigo wa leza uling'oa elektroni, kisha mipigo ya eksirei ikafuatilia kilichoendelea. Ilibainika kuwa molekuli iliyopoteza elektroni huikabidhi protoni moja kwa molekuli jirani ndani ya femtosekunde takriban 46. Kinachosalia ni kipande cha oksijeni na haidrojeni chenye uwezo mkubwa wa kushambulia kilicho karibu, vikiwemo vinasaba.

Kwa kasi hiyo, hakuna dawa inayoweza kuwahi hatua hiyo ya kwanza. Mwili hurekebisha sehemu kubwa ya madhara madogo, na faida ya picha iliyoagizwa na daktari huzidi athari yake. Lakini kinga bora ni kutopokea mionzi isiyohitajika. Ndiyo maana Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania (TAEC), kwa mujibu wa Sheria Na. 7 ya mwaka 2003, hudhibiti vyanzo vya mionzi na kupima viwango wanavyopata wafanyakazi.

Mwananchi naye ana wajibu wake. Mjamzito, au anayehisi kuwa mjamzito, amjulishe mtoa huduma kabla ya kupigwa picha, na wasindikizaji wasubiri nje ya chumba. Aidha, mawimbi ya minara ya simu hayana nishati ya kung'oa elektroni, hivyo yasichanganywe na mionzi ya eksirei.