Hofu na wasiwasi wa samaki wa maabara

Hofu na wasiwasi wa samaki wa maabara ni sehemu ya elimu ya tabia za wanyama inayochunguza jinsi samaki wanaofugwa katika matangi ya utafiti wanavyoitikia hatari. Tabia hizo hutumiwa na wataalamu wa ubongo, wa dawa na wa ufugaji wa samaki. Spishi inayotumika zaidi ni danio milia (Danio rerio) kutoka Asia ya Kusini. Hata hivyo baadhi ya samaki wanaojulikana sana katika fani hii wana asili ya Afrika ya Mashariki, hasa Ziwa Tanganyika.

Samaki hawezi kukunja uso wala kulia. Mtafiti husoma hofu yake kupitia mwendo, mahali anapokaa, rangi, upumuaji na homoni. Dalili hizo hudanganya kwa urahisi: samaki aliyetulia tuli kwenye sakafu ya tangi anaweza kuwa ndiye mwenye hofu kuliko wote.

Hofu na wasiwasi

Wataalamu hutofautisha mambo mawili. Hofu ni itikio kwa hatari iliyopo na inayotambulika. Wasiwasi ni hali ya tahadhari wakati hatari haijaonekana lakini huenda ikawepo. Perege anayekimbia mdiria anapopiga mbizi anaonyesha hofu. Perege anayekawia kutoka kwenye majani muda mrefu baada ya ndege huyo kuondoka anaonyesha kitu kinachofanana na wasiwasi.

Maneno haya yametoka kwa binadamu. Kwa sababu hiyo watafiti wengi husema "tabia inayofanana na wasiwasi", kwa kuwa wanachopima ni tabia na kemia ya mwili. Kile ambacho samaki anakihisi moyoni hakipimiki moja kwa moja.

Dalili

Dalili zinazorekodiwa mara nyingi ni hizi:

- Kuzama: samaki hushuka chini ya tangi na kukaa huko.
- Kuganda: huacha kabisa kusogea, isipokuwa macho na vifuniko vya matamvua.
- Kurukaruka: huogelea kwa kasi akibadilisha upande ghafla bila mpangilio.
- Kuambaa ukutani: hufuata kuta za tangi na kukwepa katikati.
- Kubanana: samaki wa kundi husogeleana zaidi kuliko kawaida.
- Kupumua haraka: vifuniko vya matamvua hufunguka na kufungwa mara nyingi zaidi kwa dakika.
- Kubadilika rangi: ngozi au macho huwa meusi zaidi, au rangi hufifia.
- Kuacha kula.

Dalili moja haitoshi. Samaki anaweza kukaa chini kwa sababu ni mgonjwa, maji ya juu yana joto kali, au spishi yake hulala chini. Kwa hiyo mtafiti mwangalifu hupima dalili kadhaa kwa pamoja na kuzilinganisha na za samaki wengine wasiotishwa.

Mwili unavyoitikia

Itikio la kwanza ni la haraka mno. Katika shina la ubongo wa samaki wengi kuna jozi ya seli kubwa za neva zinazoitwa seli za Mauthner. Mshindo wa ghafla au mtikisiko wa maji ukizifikia, moja hupeleka amri kwenye misuli ya upande wa pili wa mwili. Samaki hujikunja kama herufi C na kuchomoka. Yote hayo huanza katika milisekunde chache.

Itikio la pili ni la homoni. Sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi huamsha tezi ya pituitari. Tezi hiyo huamsha seli zilizo katika sehemu ya mbele ya figo, nazo hutoa kortisoli. Hii ni homoni ileile ya mkazo inayotolewa na mwili wa binadamu. Kwa muda mfupi humsaidia samaki kupata nguvu. Ikibaki juu kwa siku nyingi hudhoofisha kinga, ukuaji na uzazi.

Uamuzi wa kukimbia au kuganda huhusisha sehemu ndogo ya ubongo iitwayo habenula. Mwaka 2010 watafiti wa Japani walieleza kwamba danio milia ambao njia fulani ya habenula yao ilizimwa waliganda mahali ambapo wenzao walihangaika na kukimbia. Samaki wote hao walikuwa wamefundishwa kwamba taa fulani hufuatwa na mshtuko mdogo wa umeme. Wale walioganda hawakuwa wamesahau somo hilo, ila walilijibu kwa njia nyingine.

Dutu ya hatari

Utafiti wa hofu ya samaki ulipata msingi mpya kutoka kwa Karl von Frisch wa Austria, anayejulikana zaidi kwa kazi yake kuhusu lugha ya nyuki. Aliona kwamba samaki mdogo wa Ulaya (Phoxinus phoxinus) aliyejeruhiwa ngozi aliporudishwa kwa wenzake, kundi lote lilitishika na kukimbia. Mwaka 1938 alieleza kwamba ngozi iliyochanika hutoa dutu majini, na wengine huinusa kama tangazo la hatari. Von Frisch alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1973 pamoja na Konrad Lorenz na Nikolaas Tinbergen.

Dutu hiyo hupatikana hasa katika kundi kubwa liitwalo Ostariophysi, ambalo ndani yake wamo kambale, ningu na danio milia. Dagaa wa Ziwa Victoria (Rastrineobola argentea) naye yumo, na ni ndugu wa karibu wa danio milia. Dagaa wa Ziwa Tanganyika ni wa ukoo mwingine, ingawa sokoni huitwa kwa jina moja. Mwaka 2012 watafiti wa Singapore walionyesha kwamba vipande vya kondroitini, sukari ndefu iliyopo katika ngozi, ni sehemu ya dutu hiyo.

Katika maabara, matone machache ya maji yaliyooshea ngozi ya samaki hutosha kulifanya kundi la danio milia lishuke chini, lirukeruke kisha ligande. Njia hiyo huamsha hofu bila kumgusa samaki anayechunguzwa.

Majaribio ya kawaida

Jaribio la tangi geni ndilo rahisi zaidi. Samaki huhamishiwa tangi asilolijua na kurekodiwa kwa dakika tano au sita. Danio milia huzama kwanza, kisha hupanda kidogo kidogo kadiri anavyozoea. Muda anaokaa chini huhesabiwa kama kipimo cha wasiwasi. Dawa zinazopunguza wasiwasi kwa binadamu, kama vile diazepamu na buspironi, humfanya apande mapema.

Jaribio la nuru na giza hutumia tangi lenye nusu nyeupe na nusu nyeusi. Danio milia mzima hupendelea upande wa giza, na akithubutu kukaa upande mweupe huhesabiwa kuwa ana wasiwasi mdogo. Kwa lava wa spishi hiyohiyo mambo hugeuka, kwa kuwa wao hukwepa giza. Mtafiti asiyejua jambo hilo atawaita waoga wale walio watulivu.

Jaribio la joto hutumia tangi lenye vyumba vya maji baridi hadi ya moto. Mwaka 2015 ilichapishwa taarifa kwamba danio milia waliofungiwa kwenye wavu kwa dakika 15 walihamia baadaye maji yenye joto zaidi, hivyo miili yao ikapanda joto. Waandishi walilinganisha hali hiyo na homa inayowapata mamalia wanapofadhaika.

Samaki wa Afrika ya Mashariki

Astatotilapia burtoni huishi katika Ziwa Tanganyika na maji yaliyo karibu nalo. Dume anayetawala eneo ana rangi kali na mstari mweusi usoni. Dume asiye na eneo hufifia na kufanana na majike. Nafasi ikipatikana, dume mnyonge huanza kubadilika rangi katika dakika chache. Russell Fernald wa Chuo Kikuu cha Stanford na wanafunzi wake walichunguza kwa miaka mingi jinsi cheo kinavyobadili ubongo wa samaki huyu. Mwaka 2007 walionyesha kwamba dume anaweza kutambua cheo cha wengine kwa kutazama tu mapigano yao.

Kuhusu hofu, spishi hii ilileta jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 uligundua kwamba madume watawala hushtuka na kuchomoka mara nyingi zaidi kuliko wanyonge. Mtu angedhani kwamba mnyonge, anayefukuzwa mchana kutwa, ndiye mwepesi wa kushtuka. Lakini mtawala mwenye rangi za kung'aa huonekana haraka na ndege na samaki wakubwa, hivyo ana sababu zaidi ya kujihadhari. Kushtuka haraka kwake si dalili ya udhaifu. Ni gharama ya cheo.

Neolamprologus pulcher, naye wa Ziwa Tanganyika, huishi katika familia. Watoto waliokua hubaki nyumbani, husafisha mayai na kufukuza maadui, kwa kuwa nje ya kundi hatari ya kuliwa ni kubwa. Mwaka 2010 watafiti wa Bern, Uswisi, walionyesha kwamba waliolelewa pamoja na samaki wakubwa hujua zaidi jinsi ya kukaa na wenzao kuliko waliolelewa bila wakubwa.

Sato (Oreochromis niloticus) ana asili ya mto Naili na maziwa kadhaa ya Afrika, pamoja na Tanganyika. Sehemu kubwa ya utafiti wa mkazo wake imefanyika Brazili. Mwaka 2001 iliripotiwa huko kwamba mwanga wa buluu ulizuia kupanda kwa kortisoli kwa sato waliofungiwa mahali finyu. Mwaka 2004 ilionekana kwamba sato waliozoea kubanwa kila taa inapowashwa walipandisha kortisoli kwa kuona taa peke yake. Maana yake ni kwamba samaki hukumbuka baya lililompata na hulitarajia tena.

Kwa samaki waliobaki porini, hofu ina kazi ileile. Chini ya Mlima Oldeani, mpakani mwa wilaya za Karatu na Ngorongoro, lipo Ziwa Eyasi lenye maji ya magadi. Humo huishi perege aitwaye Oreochromis amphimelas, ambaye hupatikana Tanzania pekee, na yumo pia katika maziwa ya Manyara na Kitangiri. Ziwa hili lina kina kifupi na hupungua sana wakati wa kiangazi, huku mwari na korongo wakivua humo. Katika maji ya namna hiyo, samaki asiyekimbia kivuli kinachopita juu yake haishi muda mrefu. Tabia inayoonekana kuwa ya ajabu ndani ya tangi la kioo hueleweka mtu anapojua ilikotoka.

Umuhimu

Katika famasia, danio milia hutumiwa kuchuja dawa mpya kabla ya kuzijaribu kwa mamalia. Takriban asilimia 70 ya jeni za binadamu zina angalau jeni moja inayolingana nazo kwa samaki huyu. Ni mdogo, huzaa sana, na gharama ya kumtunza ni ndogo.

Katika mazingira, hofu inaweza kupunguzwa na dawa zinazoingia mitoni. Mwaka 2013 watafiti wa Sweden waliripoti kwamba samaki wa mtoni waliowekwa katika maji yenye oksazepamu, dawa ya kutuliza wasiwasi, walikuwa wajasiri zaidi, walikula haraka na walijitenga na wenzao. Mwenye kuangalia juu juu angesema wamepata nafuu. Lakini samaki asiyeogopa anapojitenga na kundi huwa rahisi kuliwa.

Katika ufugaji, samaki wanaotishwa mara kwa mara hula kidogo, hukua polepole na huugua kwa urahisi. Mfugaji wa bwawa hupunguza mkazo kwa kutojaza samaki kupita kiasi, kuwatenga wakubwa na wadogo, kuwavua kwa wavu laini na kutowaacha nje ya maji. Anapaswa pia kutofautisha utulivu na kuganda. Samaki watulivu husambaa na kujia chakula. Walioganda hubaki chini wakipumua haraka, hata chakula kikiwa juu yao.

Mjadala na maadili

Swali kama samaki huteseka halijaisha. Mwaka 2003 Lynne Sneddon na wenzake nchini Uingereza walionyesha kwamba samaki aina ya trauti wana seli za neva zinazopokea maumivu. Pia walionyesha kwamba trauti waliodungwa asidi mdomoni hawakukwepa kitu kigeni kama kawaida, na tahadhari yao ilirudi walipopewa mofini. Wapinzani, kama Brian Key wa Australia, hujibu kwamba samaki hana gamba la ubongo kama la mamalia, kwa hiyo itikio lake halithibitishi kuwa anahisi.

Sheria nyingi hazikusubiri jibu. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2010 kuhusu wanyama wa utafiti linawalinda samaki pamoja na wanyama wengine wenye uti wa mgongo. Tanzania ilitunga Sheria ya Ustawi wa Wanyama mwaka 2008. Maabara nyingi hufuata kanuni tatu zilizotolewa na William Russell na Rex Burch mwaka 1959: kutumia njia nyingine inapowezekana, kupunguza idadi ya wanyama, na kupunguza mateso yao.

Kanuni ya tatu ina faida pia kwa sayansi yenyewe. Samaki anayeishi katika tangi tupu, lenye kelele na lisilo na maficho huwa tayari ana wasiwasi kabla jaribio halijaanza. Matokeo yake hayawezi kuonyesha kama hofu ilitokana na jaribio au na tangi.