Beki Aliyewekwa Kwenye Stempu

Wanangu wa Kilosa na Mikumi, leo nawasimulia habari za beki. Najua kila mmoja wenu akigusa mpira anataka kuwa mfungaji. Huyu kazi yake ilikuwa kuzuia mabao, na nchi nzima ikamjua.

Jina lake Jella Mtagwa. Alicheza beki wa kati Yanga, kisha Pan African, na kwa miaka mingi akawa nahodha wa Taifa Stars. Ubavuni mwake alisimama Leodegar Tenga, yule aliyekuja kuwa rais wa TFF. Kocha alikuwa Joel Bendera. Waulizeni wazazi wenu, wanamkumbuka: baadaye alikuwa mkuu wa mkoa wetu wa Morogoro.

Sasa sikilizeni. Mwaka 1979 Tanzania ilitakiwa iitoe Zambia ndipo iende fainali za Mataifa ya Afrika. Dar es Salaam tulishinda 1-0, bao la Mohamed Rishard "Adolf". Marudiano yakapigwa Ndola, tarehe 26 Agosti. Bara hatukuwa na televisheni, kwa hiyo watu walijazana kwenye redio. Zambia wakatangulia kufunga. Ngoma ikawa sawa! Wakiongeza jingine, safari imekwisha. Hapo ndipo beki anapojulikana, wanangu: miguu imechoka, uwanja mzima unakuzomea, mipira ya juu inamiminika langoni kwako, na ukikosea mara moja tu, basi. Mtagwa na wenzake wakakaza. Zikiwa zimebaki dakika chache, Peter Tino akasawazisha. Tumefuzu!

Machi 1980 wakaenda Nigeria. Wenyeji wakatufunga 3-1, Misri 2-1, na Ivory Coast tukatoka nao 1-1. Tukaishia hapo. Msiwacheke, maana Taifa Stars haikurudi kwenye fainali hizo hadi 2019.

Na Mtagwa? Picha yake ikawekwa kwenye stempu. Enzi hizo barua ndiyo ilikuwa simu yetu: unalamba stempu kwa nyuma, unaibandika kwenye kona ya bahasha, unaipeleka posta. Sura ya mcheza mpira kusafiri na salamu za watu namna hiyo, kwangu mimi ni heshima inayopita kikombe.

Basi kesho mkigawana namba uwanjani, atakayepewa namba nne asinune.