Likizo ya Familia Kisiwani Kupro: Mambo ya Kupanga Kabla ya Kufunga Mizigo



Mwezi wa Januari alitujia mama mmoja wa mtaani kwetu na swali ambalo hatukulitarajia. Mumewe yu kazini Doha, na kwa muda wa miaka miwili hawajaonana ila kwa simu. Kitindamimba wao ana umri wa miaka mitatu, na baba kwake ni sura iliyomo ndani ya kioo. Akiambiwa amwamkie babake, huibusu simu. Mume sasa amepata likizo ya mwezi mmoja, naye amependekeza kwamba shule zikifungwa Aprili, yeye, mkewe na watoto wao wanne wakutane kwa wiki moja katika kisiwa cha Kupro, kilichoko Bahari ya Mediterania. Jamaa wamenuna, wasema ni israfu. Mama akauliza: "Sheikh, je, hii ni haki yetu au ni anasa?"

Twakiri kwamba jibu lililotangulia ulimini mwetu lilikuwa la kukataza. Tulimuuliza kwa nini mumewe asije Mombasa, akae na watu wake. Akajibu kwa upole: "Akija nyumbani huwa wa watu wote. Asubuhi yuko mazikoni, mchana harusini, jioni baraza imejaa wenye shida zao. Mara ya mwisho alikaa siku thelathini, wala sikumbuki siku moja aliyokula chakula cha mchana na wanawe peke yao." Tukanyamaza. Kisha tukamwomba atupe siku mbili tulitazame jambo lake vizuri.

Asili ya safari ya matembezi ni halali, maadamu haina maasi ndani yake wala haivunji haki ya mtu. Basi tukamtajia mambo matatu. Kwanza, isiwe ya mkopo; anayekopa ili apumzike hurudi na mzigo mzito kuliko aliouacha. Pili, akiba ya Hija isiguswe. Tatu, mama mzazi wa yule mume yu hai, naye pia amengoja miaka miwili. Aombwe idhini kabla ya tikiti kununuliwa. Kutimiza haki ya mke na watoto kwa kumvunja moyo mzazi ni kuziba tundu kwa kutoboa jingine.

Mama mkwe alipoombwa, aliuliza kisiwa hicho kiko wapi, akafikiri, kisha akasema: "Nendeni, lakini mniletee mwanangu." Ikakubaliwa kuwa wiki moja itakuwa ya kisiwani, na wiki tatu zilizobaki wote watakuwa nyumbani kwake.

Baada ya hapo ndipo mpango ulipoanza. Kwa kuwa si familia hii pekee yenye jamaa Ghuba, twaona ni vyema kuwaeleza wasomaji wetu yale yaliyozingatiwa.

Kupro, ambayo katika vitabu vya Kiarabu huitwa Qubrus, ilikuwa chini ya Waingereza kama sisi, ikapata uhuru mwaka wa 1960. Kwa sababu hiyo magari hupita upande wa kushoto, na soketi za umeme ni zile zile za pini tatu bapa tulizonazo majumbani. Tangu mwaka wa 1974 kisiwa kimegawanyika: kusini ni upande wa Wagiriki, na kaskazini ni wa Waturuki. Serikali ya kusini, iliyomo katika Umoja wa Ulaya na inayotumia yuro, haitambui kuingia kisiwani kupitia uwanja wa ndege wa kaskazini. Familia na ishukie Larnaca au Paphos. Mwenye pasipoti ya Kenya huhitaji viza kabla ya kusafiri, na kila mtoto awe na pasipoti yake. Shughuli hii ianze miezi mitatu kabla, na vyeti vya kuzaliwa viwe tayari, hasa ikiwa mzazi mmoja ndiye atakayesafiri na watoto.

Likizo zetu tatu hazilingani huko. Agosti ni joto kali, na mji wa Nicosia ulioko bara hukaribia nyuzi 40. Watoto wadogo hawatatoka nje adhuhuri. Hata hivyo, ni msimu wa kasa na duvi kutaga mayai katika ghuba ya Lara, upande wa magharibi, na mtoto aliyewaona kasa wa Watamu atafurahi kujua kwamba wana jamaa zao mbali hivyo. Desemba kuna mvua na baridi, nalo ziwa la chumvi la Larnaca hujaa heroe, wale ndege wa waridi tuwaonao Bogoria. Aprili hali ya hewa ni ya wastani na maua yamechanua, ila maji ya bahari bado ni ya baridi kwa mtu aliyezoea maji yetu. Familia yetu ilichagua Aprili.

Watoto wa pwani wataona jambo la ajabu: bahari ile karibu haijai wala haipwi. Hakuna bamvua wala maji mafu kama kwetu. Mama awatahadharishe kwamba kutokuwepo kwa maji kujaa si usalama. Mtoto hasogei majini bila mkubwa. Kwa akina mama wanaotaka sitara, wakati mwema ni baada ya sala ya Alfajiri, ufuo ukiwa mtupu. Wala usikae Ayia Napa, mji uliojulikana kwa kumbi za starehe za usiku. Larnaca ni mahali patulivu zaidi.

Katika ibada, mtoto wa Mombasa huelekea kaskazini anaposali. Akiwa Kupro, atageuka kuelekea kusini, mashariki kidogo. Mwelezeni sababu kwa ramani, kwani ni somo zuri la kuifahamu Kaaba kuwa kati ya umma. Mwezi wa Aprili saa za huko ni sawa na zetu, lakini Magharibi huingia baada ya saa moja usiku. Watoto waliozoea kulala mapema walazwe mchana. Na kwa madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu, msafiri anayenuia kukaa mahali pamoja siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na ya kutoka, hapunguzi sala. Basi anayekwenda kwa wiki moja katika mji mmoja apunguze njiani, na akifika asali kamili. Larnaca upo msikiti mkuu, karibu na ngome ya kale ufuoni.

Chakula kinataka macho. Nyama za kuchoma zinazouzwa huko, kama souvlaki na sheftalia, mara nyingi ni za nguruwe. Samaki, dengu, zeituni na mboga vipo kwa wingi. Jibini yao mashuhuri, halloumi, hufanywa kwa maziwa ya mbuzi na kondoo, pengine na ya ng'ombe; ulizeni kigandishi chake kimetokana na nini.

Kwa ajili hiyo wengi hukodi nyumba yenye jiko. Ni sawa, lakini hapa tuna neno na akina baba. Mama akivuka bahari ili akasimame jikoni mara tatu kwa siku, huyo hakwenda likizo. Amehamishiwa jiko tu. Mtume (S.A.W.) alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani mwake, kama alivyosimulia Bi Aisha (R.A.). Yule bwana wa Doha, aliyejizoesha kujipikia ughaibuni, aliahidi kupika siku nne katika saba, na vijana wawili wakubwa wakapewa vyombo.

Safari ya Kupro haikamiliki bila ya kumkumbuka Bi Umm Haram binti Milhan (R.A.), mama mdogo wa Anas bin Malik. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alilala nyumbani kwake, akaamka akitabasamu, akamweleza kuhusu watu wa umma wake watakaopanda bahari. Naye akamwomba amwombee awe miongoni mwao. Miaka mingi baadaye, katika ukhalifa wa Sayyidna Uthman, alivuka bahari pamoja na mumewe, Ubada bin Samit, akaanguka kutoka kwenye mnyama wake na kufariki. Kaburi linalonasibishwa kwake liko kando ya lile ziwa la chumvi, karibu na uwanja wa ndege, na msikiti wa enzi ya Waturuki umejengwa hapo. Mzuru atoe salamu na amwombee, na dua ya haja zake aielekeze kwa Mwenyezi Mungu pekee. Kisha awasimulie binti zake kwamba mwanamke huyu aliomba safari ya baharini, na akaipata akiwa pamoja na mumewe.

Familia ile ilirudi mwezi wa Mei. Mama alituambia kwamba uwanjani Larnaca yule mdogo alijificha ndani ya buibui lake, akakataa kuamkia. Siku ya pili alikubali kupokea tende kutoka mkononi mwa babake. Siku ya nne walikwenda kuzuru kando ya ziwa, naye akachoka njiani, akainua mikono. Si kwa mamake.

Babake alimbeba mabegani mpaka mlangoni mwa msikiti. Nyumbani kwa bibi yake, wiki iliyofuata, aliingia vivyo hivyo, yuko juu ya mabega, na bibi akalia.

Wabillahi tawfiq.