Camp Nou Unaijua, Geti la Ikoma Je?

Waulize wanafunzi kumi wa chuo chochote hapa nchini wangependa kutembelea nchi gani wakipata hela, Hispania haitakosa kutajwa. Sababu zake hazihitaji utafiti: mpira, jua na bahari. Tuna wenzetu wanaoweza kukuchorea ramani ya Camp Nou na Bernabéu bila kukosea, lakini hawajui geti la Hifadhi ya Taifa Serengeti lililo jirani na kwao linaitwaje. Mimi natokea Tarime mkoani Mara, kwa hiyo naongea na watu wa nyumbani kwanza, halafu na wengine wote mnaoishi karibu na kivutio ambacho hamjawahi kukikanyaga.

Simkatazi mtu kuota Ulaya. Ota tu, ndoto haina viza. Ninachotaka kueleza ni kitu ambacho Hispania wamekifanya kwenye utalii wao na sisi bado tunakipigia chenga, halafu nieleze namna mwanafunzi mwenye bumu lake la kawaida anavyoweza kuingia Serengeti na kurudi akiwa na nauli mfukoni.

Hispania wana nini?

Mwaka 2023 Hispania ilipokea watalii wa kigeni wapatao milioni 85. Tanzania mwaka huohuo ilipokea kama milioni 1.8. Wengi wanaokwenda kule wanafuata jua. Mtu wa Uingereza au Ujerumani anakaa miezi mingi kwenye baridi na mawingu, wakati pwani ya Mediterania iko mwendo wa saa mbili au tatu tu kwa ndege. Ndiyo maana Benidorm, ambao zamani ulikuwa mji wa wavuvi, leo umejaa maghorofa ya hoteli. Asiyependa bahari anakwenda Granada kuona Alhambra, kasri la watawala wa Kiislamu walioondolewa hapo mwaka 1492, au Barcelona kwenye kanisa la Sagrada Família, ambalo ujenzi wake ulianza 1882.

Hayo wengi mnayajua. Lisilosemwa sana ni kwamba Wahispania wenyewe ni watalii wakubwa wa Hispania. Mwezi wa nane Madrid inapungua watu kwa sababu wenyeji wameenda pwani au vijijini kwao. Sheria yao ya mwaka 1988 inasema ufukwe ni mali ya umma, kwa hiyo hata mbele ya hoteli ya kifahari, mchanga ni wa kila mtu, mwenye hela na asiye nayo. Tangu mwaka 1985 serikali yao ina mpango wa kuwachangia wastaafu gharama za likizo katika miezi ambayo wageni ni wachache. Mzee anapata kupumzika kwa bei nafuu, na mhudumu wa hoteli habaki bila kazi.

Na pale mwenyeji anapoona utalii umebaki kuwa mzigo kwake, anakuja juu. Aprili 2024 maelfu ya watu waliandamana katika Visiwa vya Kanari, wakilalamika kwamba nyumba za kupanga hazishikiki na mazingira yao yanaharibika. Julai mwaka huo, mjini Barcelona, baadhi ya waandamanaji waliwarushia watalii maji kwa bastola za kuchezea. Kwa hiyo somo la Hispania lina pande mbili: mwenyeji akishirikishwa kama mgeni wa heshima nchini mwake, utalii unasimama, akiachiwa kero peke yake, anauchukia.

Tuje nyumbani

Serengeti ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1951, ikaingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1981. Ina ukubwa wa kilometa za mraba 14,763. Ukisikia watu wakiitaja, utadhani mlango wake ni Arusha tu. Lakini kwa sisi wa Mara milango iko uani kwetu. Geti la Ndabaka liko Bunda, kandokando ya barabara kuu ya Mwanza–Musoma. Unaliona ukiwa umekaa kwenye basi. Geti la Ikoma liko upande wa Robanda, wilaya ya Serengeti, na ukitoka Mugumu mjini hufiki mbali. Tarime nayo inapakana na hifadhi upande wa Lamai, kaskazini mwa Mto Mara.

Sasa angalia kalenda. Nyumbu zaidi ya milioni moja, pamoja na pundamilia na swala, wanazunguka mwaka mzima wakifuata mvua na majani mapya. Kuanzia Januari hadi Machi wako kusini, maeneo ya Ndutu, wanazaa. Mei na Juni wanasogea magharibi kwenye Mto Grumeti wenye mamba wake. Kati ya Julai na Oktoba wengi wao wako kaskazini, wakivuka Mto Mara kwenda Kenya na kurudi. Julai hadi Oktoba! Huo ndio muda ambao vyuo vingi viko likizo ndefu na sisi tuko nyumbani tunahesabu siku.

Mtalii anatoka Madrid, anabadilisha ndege, anashuka kwenye kiwanja kidogo cha Kogatende, halafu anakaa juani saa nzima akisubiri nyumbu mmoja athubutu kuingia majini ili wengine wamfuate. Mto huohuo, ukishatoka hifadhini, ndio tunaouvuka tukitoka Tarime kwenda Mugumu, nusu ya abiria wakiwa wamesinzia.

Na si nyumbu tu. Pale Seronera, katikati ya hifadhi, chui hupenda kujilaza juu ya matawi ya migunga na miegea. Kuna majabali ambayo simba huyapanda kuota jua, na pimbi wanaishi humohumo kwenye nyufa. Kwenye miti ya kando ya Mto Grumeti wapo mbega. Ukitaka historia, iko Fort Ikoma, ngome iliyoachwa na Wajerumani. Na ukipita Butiama kuna makumbusho ya Mwalimu Nyerere na kaburi lake.

Kwa nini jirani haingii?

Jibu la haraka ni hela. Tulipime. Wakati naandika, kiingilio cha Serengeti kwa raia mtu mzima wa Afrika Mashariki ni shilingi 10,000, ukiongeza VAT inakuwa 11,800. Mtoto wa miaka 5 hadi 15 analipa 2,000 kabla ya VAT. Linganisha na viza ya Schengen, ambayo tangu Juni 2024 ni euro 90, zaidi ya shilingi 200,000, na ukinyimwa viza hela hairudi. Nauli ya ndege hapo hatujaigusa.

Kwa hiyo kiingilio si mlima. Mlima ni gari. Hifadhini huendi kwa miguu wala kwa bodaboda, na kukodi gari la watalii kwa mtu mmoja ni kukaribisha njaa ya muhula mzima. Nitaeleza hapo chini namna ya kuuzunguka mlima huo.

Ila kuna sababu ya tatu, na hii haitatuliwi kwa kuchanga. Bibi yangu mzaa mama anaishi kijiji kimoja wilaya ya Serengeti. Yeye tembo anamjua vizuri kuliko mtalii yeyote, kwa sababu tembo amelala kwenye mahindi yake zaidi ya mara moja. Kwake wale ni "wanyama wa serikali". Kijana wa kijiji hicho anakua akijua hifadhi kwa mambo matatu: shamba lililoliwa, ng'ombe waliokamatwa wakichunga ndani ya mpaka, na ndugu aliyefungwa kwa ujangili. Magari ya wageni anayaona yakipita na vumbi lake. Mwambie huyo kwamba Serengeti ni urithi wake, atakuangalia tu.

Mimi siamini kwamba safari moja ya siku itamlipa bibi mahindi yake. Fidia na ulinzi wa mashamba ni madai halali na lazima yaendelee kudaiwa. Ninachosema ni kwamba mtu asiyewahi kuingia hana namna ya kudai kama mwenye mali. Anadai kama mlalamikaji wa nje ya uzio. Aliyeingia, akaona wageni wanalipia nini, anauliza maswali mazito zaidi kwenye mkutano wa kijiji.

Namna ya kwenda

Nendeni kundi. Mkiwa 25 mnakodi kosta, na gharama ya gari, dereva na mafuta inagawanyika. Mkifika Mugumu jioni, mnalala nyumba ya wageni ya kawaida mjini, mnaondoka alfajiri, kwa sababu wanyama wengi huonekana kabla jua halijawa kali.

Malipo getini si ya fedha taslimu. Ulizeni TANAPA mapema bei za sasa, ada ya gari na njia ya kulipia. Kama mnakwenda kwa jina la chuo au shule, bebeni barua na orodha ya majina, na kila mtu awe na kitambulisho kinachoonyesha uraia.

Chakula fungeni wenyewe, lakini mifuko ya plastiki acheni. Imepigwa marufuku nchi nzima tangu Juni 2019. Hakuna kushuka kwenye gari isipokuwa sehemu zilizoruhusiwa, hata kama simba yuko mbali na picha inaita.

Kwa tunaosomea ualimu

Wengi wetu tutapangiwa shule ambazo kutoka dirishani unaona kilima cha hifadhi, ziwa au magofu, na bado tutafundisha mada ya utalii kwa kunakili ubaoni: "Faida za utalii ni fedha za kigeni." Mtoto ananakili, anafaulu, anarudi nyumbani kufukuza tembo kwa debe na tochi.

Darasa la watoto 40 wenye miaka 5 hadi 15 linaingia Serengeti kwa kiingilio cha shilingi 80,000 kabla ya VAT. Gari ndilo la kutafutia mchango, kwa wazazi, halmashauri au hoteli za jirani, na barua ya kuomba inaandikwa na mwalimu. Tukienda mazoezi ya kufundisha, hiyo ndiyo kazi ya kwanza ninayoomba tujaribu, kila mtu na kivutio cha pale alipopangiwa. Hispania itasubiri, jua lao halimaliziki.